Kuupunguza Uso wa World of Warcraft

Ukiwa ndani ya World of Warcraft, bonyeza Alt na Z kwa pamoja. Kila kilichochorwa juu ya ulimwengu wa mchezo kinatoweka: vitufe, ramani ndogo, dirisha la mazungumzo, sura ya mhusika wako na kipimo cha damu yake. Kinachobaki ni msitu, anga, na mtu wako amesimama. Wanaopenda kupiga picha ndani ya mchezo huitumia sana njia hii. Lakini jaribu kupigana ukiwa hivyo. Hujui umebakiwa na damu kiasi gani, hujui mbinu yako kubwa iko tayari au bado, hujui adui anajiandaa kuachia pigo gani. Haupiti muda umelala chini.

Kati ya kioo hicho kitupu na kile kilichojaa hadi ulimwengu wenyewe hauonekani ndipo ilipo kazi ninayotaka kuieleza: kuupunguza uso wa mchezo kwa programu-jalizi, au jalizi kwa ufupi, yaani programu ndogo zinazoandikwa na wachezaji wenyewe na kupachikwa ndani ya mchezo. Wengi wanaoianza kazi hii hudhani ni ya kufuta. Mimi naiona ni ya kupanga wakati: kitu gani kionekane, lini, na upande gani wa kioo. Anayefuta tu huishia na kioo cha kupendeza na mhusika asiyemaliza pambano.

Mchezo wenyewe ulitoka Novemba 2004, kazi ya kampuni ya Blizzard Entertainment ya California, na uso wake wa mwanzo ulikuwa mpole. Juu kushoto palikuwa na sura ya mhusika na mistari miwili, wa damu na wa nguvu. Juu kulia ramani ndogo ya duara. Chini kushoto mazungumzo, chini kulia mikoba, na katikati chini safu ya vitufe 12 iliyobanwa na sanamu mbili za ndege wenye mwili wa simba. Halafu miaka ikapita. Kila sura mpya ya mchezo, yaani nyongeza yake kubwa, ilikuja na mbinu mpya, na kila mbinu ikadai kitufe chake. Leo unaweza kufungua safu 8 za vitufe 12 kila moja, jumla 96. Juu yake weka orodha ya misheni, vibao vya majina vinavyoelea juu ya kila adui, namba za mapigo zinazoruka hewani, na mlolongo wa alama za baraka na laana ulizonazo mwilini. Hakuna aliyeketi akaamua kioo kiwe hivyo. Kimejaa chenyewe, kitu kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuwa na sababu nzuri siku kilipoingia.

Oktoba 2022, wiki chache kabla ya sura iitwayo Dragonflight, Blizzard iliuchora upya uso huo na kuweka ndani ya mchezo hali ya kuhariri. Unaifungua kwenye menyu, kila sehemu inazungukwa na mpaka wa rangi, unaiburuta unakotaka, unaikuza au kuipunguza. Zile sanamu za pembeni zinaondoka kwa kubofya mara moja. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kutopakua chochote. Kaa na hali hiyo ya kuhariri mpaka uguse mwisho wa uwezo wake. Mwisho huo upo: unaweza kuziamuru safu za vitufe zionekane vitani tu au nje ya vita tu, lakini masharti mengine ni machache mno. Huwezi kuiambia ramani itokee kipanya kinapoisogelea, wala kuwaambia wenzako kikosini waonekane kwa rangi pale tu wanapoumia. Hapo ndipo jalizi zinapoanza kuwa na maana.

Sababu ya kujali haya yote iko machoni. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali ni ndogo sana, kama nyuzi 2 hivi za uwanja mzima wa kuona, ambazo ni karibu upana wa kidole gumba ukiwa umenyoosha mkono. Yaliyobaki unayaona kwa ukungu. Hata hivyo ukungu huo una kipaji chake: unahisi upesi kitu kinachotikisika au kumetameta. Ndiyo maana kitufe kinachowaka na kuzima kwenye kona ya kioo kinakuibia jicho hata kama hukihitaji, na ndiyo maana namba 30 zilizotulia kwenye kona hiyohiyo hazikusaidii mpaka uzigeukie. Mark Weiser na John Seely Brown, watafiti wa Xerox PARC, waliandika mwaka 1995 juu ya teknolojia tulivu, ile inayokaa pembezoni mwa fikra ukiwa na shughuli zako, ikaja katikati inapohitajika, kisha ikarudi pembeni. Taa ya mafuta kwenye dashibodi ya gari hufanya hivyo hasa: imezimika safari nzima, na ikiwaka huhitaji kuelezwa. Kioo cha mchezo kilichopangwa vizuri kina taa nyingi za aina hiyo na geji chache.

Kinachomwezesha mchezaji wa kawaida kuyagusa haya ni uamuzi wa kiufundi uliofanywa tangu mwanzo. Blizzard iliuandika uso wa mchezo kwa XML na lugha ya Lua, ikauacha usomeke. Lua ilizaliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, Brazili, mikononi mwa Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Ni lugha ndogo, nyepesi, iliyotengenezwa mahususi kukaa ndani ya programu nyingine. Kitufe unachokiona kwenye safu ya Blizzard kimeandikwa kwa lugha ileile atakayoitumia kijana anayejifunzia chumbani kwake. Jalizi ni folda tu, unayoiweka ndani ya folda ya mchezo iitwayo AddOns. Ndani yake kuna faili fupi la maandishi linalotaja jina la jalizi, namba ya toleo la mchezo ililokusudiwa, na mafaili ya kusomwa kwa mpangilio wake. Mchezo ukiwaka unalisoma faili hilo, unafuata orodha, basi.

Mipangilio unayoifanya inahifadhiwa kwingine, kwenye folda iitwayo WTF, na huandikwa diskini pale tu unapotoka mchezoni au unapoamuru uso upakiwe upya. Hili liweke akilini. Ukipanga kioo jioni nzima halafu umeme ukakatika, kazi yote imekwenda. Kila baada ya hatua kubwa andika /reload kwenye dirisha la mazungumzo, na ukishamaliza nakili folda nzima ya WTF kwenye flashi.

Sasa masharti. Dominos na Bartender4 ni jalizi mbili za safu za vitufe ambazo zimetumika kwa miaka mingi, na kila moja inakuruhusu kuipa kila safu sheria yake. Safu kuu inabaki. Safu ya pili inakaa nyuma ya ya kwanza: ukishikilia Shift, vitufe 12 vinabadilika na kuwa vingine 12 palepale, ukiachia vinarudi. Vidole vinajifunza haraka, na kioo kimepungukiwa na safu nzima bila wewe kupoteza mbinu hata moja. Safu ya vitu vya mjini, kama kipando, ufundi wa kushona au wa kuyeyusha madini, inafanywa isionekane kabisa mpaka kipanya kiipitie. Ramani ndogo vivyo hivyo. Dirisha la mazungumzo linafifia baada ya sekunde chache za ukimya na kurudi mtu akiandika.

Kwa kila kitu kilichobaki kiooni ninajiuliza swali moja tu: nikikiona hiki, nitafanya nini tofauti? Sura ya mhusika wangu mwenyewe haijawahi kunifanya nifanye lolote. Mstari wa uzoefu hauna kazi kwa aliyefika kiwango cha juu. Maandishi mekundu yanayosema mbinu haiko tayari yananiarifu jambo ambalo kidole changu kimeshalijua. Lakini ule mstari wa adui unaojaa anapojiandaa kuachia pigo, huo nikiuona ninamkatiza, na nisipouona kikosi kizima kinaumia. Kwa hiyo huo ninaukuza, ninauleta karibu na katikati ya kioo, na ninaupa rangi ambayo hakuna kitu kingine kiooni kinachoitumia.

Kuna njia ya mkato, nayo ni ElvUI, jalizi moja kubwa inayobadilisha uso mzima kwa mpigo. Ni kazi ya hali ya juu na ninawaheshimu walioiandika, ila simshauri anayeanza. Inakupa kioo cha mtu mwingine kilichokwisha kuamuliwa, na ina kurasa nyingi za mipangilio hivi kwamba utajua namna ya kubadilisha unene wa mpaka kabla hujajua unataka kuona nini. Anza na jalizi ndogo, kila moja na kazi yake moja.

Tumchukue tabibu, maana kwake tatizo hili ni kali kuliko kwa mwingine yeyote. Katika mapambano ya ngazi ya juu kabisa, iitwayo Mythic, kikosi kina watu 20 kamili. Kwa mpangilio wa kawaida vibao vyao vinakaa kushoto, vitufe vya tiba viko chini, na bosi yuko katikati. Jicho la tabibu linazunguka pembe tatu mfululizo, kila mzunguko mwendo mrefu. Wachezaji wa muda mrefu wanakijua kifo cha tabibu: amewaokoa wote 19, yeye mwenyewe ameungua kwa moto uliowashwa chini ya miguu yake, kwa sababu macho yake yalikuwa kushoto.

Dawa ya kwanza ni mahali. Kwa jalizi kama Grid2 au VuhDo, vibao 20 vinageuzwa kuwa miraba midogo, iliyopangwa mitano mitano, na kuwekwa katikati, chini kidogo ya miguu ya mhusika. Sasa moto ukiwaka, unawaka palepale anapoangalia.

Dawa ya pili ni rangi, na hapa ndipo pananipendeza zaidi. Kawaida mraba wa kila mtu hupakwa rangi ya taaluma yake, nazo taaluma ziko 13, basi kikosi kizima kikiwa kizima unatazama zulia la rangi zisizokuambia kitu. Zigeuze. Mstari wa damu upake nyeusi, na ukuta ulio nyuma yake upake nyekundu. Mtu mwenye damu kamili anakuwa mraba mweusi mtupu. Akipigwa, mstari mweusi unarudi nyuma na nyekundu inafunuka kwa kadiri ile ile aliyopungukiwa. Tabibu haoni tena damu iliyopo, ambayo haimhusu. Anaona iliyopotea, ambayo ndiyo kazi yake. Kikosi kikiwa salama kioo kiko kimya. Kikipigwa, nyekundu inatokea na jicho linakwenda lenyewe.

Dawa ya tatu ni kuchuja. Tuseme tabibu wetu ni wa taaluma ya druidi. Anaweza kumwondolea mwenzake uchawi, laana na sumu, lakini hawezi kuondoa maradhi. Basi alama za maradhi zisionyeshwe kwenye miraba yake, na zile tatu zionyeshwe kwa ukubwa. Mbinu yake ya kutibu polepole, Rejuvenation, inapewa nukta ya kijani kwenye kona ya mraba wa kila aliyewekewa, ikififia kadiri muda unavyokwisha. Hakuna namba, hakuna jina, ni nukta tu, kwa sababu swali lake ni moja: bado ipo au imekwisha?

Mwisho, vitufe. Jalizi iitwayo Clique inaruhusu mbinu kufungwa kwenye kubofya kwenyewe: kubofya kushoto juu ya mraba wa mtu ni tiba moja, kulia ni nyingine, Shift na kushoto ni ya tatu. Anayetibu hivyo hana haja ya kumchagua mtu kwanza halafu akatafute kitufe. Na asiyetafuta kitufe hana haja ya kukiona, kwa hiyo safu zote mbili za chini zinaweza kufichwa hadi atakapotoka vitani. Kioo alichoanza nacho kilikuwa na vitu zaidi ya 100. Sasa kina kundi moja la miraba, mstari wa bosi, na mbinu zake tatu au nne kubwa zinazotokea zikiwa tayari.

Msomaji makini atauliza: kama jalizi inajua nani ana laana na nani amepungukiwa, kwa nini isitibu yenyewe? Iliwahi kufanya hivyo, karibu kabisa. Katika miaka ya mwanzo, vikosi vilipokuwa vya watu 40, kulikuwa na jalizi iitwayo Decursive ambayo ilikuruhusu kubonyeza kitufe kimoja tena na tena. Yenyewe ndiyo iliyomtafuta mwenye laana na kumwondolea. Mchezaji alikuwa amebaki kidole. Desemba 2006, kwa toleo la 2.0, Blizzard iliufunga mlango huo. Tangu siku hiyo kuna vitendo vinavyolindwa, kama kuachia mbinu au kumchagua mtu, na havitendeki mpaka mtu abonyeze kitufe au abofye kipanya, naye ndiye aamue ni nani na ni nini. Decursive haikufa. Ikageuka kuwa miraba midogo inayobadilika rangi mtu anapolaaniwa, na ukibofya mraba wewe mwenyewe ndipo tiba inapokwenda. Kwangu mimi ikawa jalizi bora zaidi kuliko ilivyokuwa, kwa kuwa ilirudishwa kwenye kazi ya kuonyesha.

Namna ulinzi huo unavyofanya kazi inagusa moja kwa moja kila anayepunguza uso wa mchezo wake. Msimbo wa Blizzard unahesabiwa kuwa safi. Msimbo wa jalizi una doa. Thamani yoyote iliyoandikwa na msimbo wenye doa nayo inapata doa, na kila msimbo safi unaoisoma thamani hiyo unachafuka, mpaka doa lifike kwenye kitendo kinacholindwa. Hapo mchezo unakataa na kutoa tangazo kwamba jalizi fulani imezuiwa. Tena, pambano likishaanza, jalizi haiwezi kusogeza, kuficha wala kuonyesha kitufe chenye mbinu kwa amri yake yenyewe. Ndiyo sababu sheria za Dominos na Bartender4 huandikwa mapema, nje ya vita, kwa maneno machache ya masharti, na kukabidhiwa msimbo safi wa Blizzard uzitekeleze. Ukijaribu kufungua mipangilio katikati ya pambano na ukaambiwa haiwezekani, usiilaumu jalizi.

Kuna mtego mmoja unaowanasa karibu wote, nao ni tofauti ya kufanya kitu kiwe wazi kama kioo na kukificha kweli. Kwa macho hakuna tofauti. Kwa mchezo ipo kubwa. Kitu chenye uwazi kamili bado kipo mahali pake na bado kinakamata kipanya. Mchezaji anabofya adui aliye kulia mwa kioo, hapati kitu, anabofya tena, bado, na adui anaendelea kumpiga. Kumbe amebofya safu ya vitufe aliyoifanya isionekane wiki iliyopita. Andika /fstack kwenye dirisha la mazungumzo, pitisha kipanya hapo, na mchezo utakuorodheshea majina ya kila kilicholala chini yake. Ukishakijua kinachozuia, ama kifiche kweli au kiambie kisikamate kipanya.

Tofauti hiyohiyo inagusa kasi. Kompyuta inayochora picha 60 kwa sekunde ina takriban milisekunde 16.7 za kumaliza kila kitu kwa picha moja. Jalizi iliyoandikwa vizuri hulala na kusubiri mchezo uiamshe kwa tukio, kwa mfano damu ya mtu imebadilika. Iliyoandikwa vibaya huuliza kwa kila picha: imebadilika? imebadilika? Kitu kilichofichwa kweli hakiulizi, kwa kuwa mchezo hauiti kazi zake za kila picha kikiwa kimefichwa. Kilichofanywa wazi tu kinaendelea kuuliza usiku kucha. Kwa anayecheza kwenye kompyuta mpakato ya miaka mingi, isiyo na kadi ya picha ya peke yake, jambo hili linaonekana kwa macho. Na kama mchezo umeanza kukwama na hujui kwa sababu gani, zima nusu ya jalizi zako. Tatizo likiisha, liko kwenye nusu uliyoizima; igawe tena. Jalizi 32 humalizwa kwa raundi 5.

Juu ya usalama nitasema kwa kifupi. Jalizi yenyewe imefungiwa ndani: Lua ya mchezo imeondolewa uwezo wa kusoma mafaili ya kompyuta yako au kwenda kwenye intaneti, na masharti ambayo Blizzard iliyaandika Machi 2009 yanataka jalizi ziwe za bure na msimbo wake usomeke. Hatari hukaa mlangoni. Januari 2014 Blizzard ilitahadharisha juu ya programu ya wizi iliyojificha ndani ya nakala bandia ya Curse Client, chombo kilichotumiwa na wengi kupakua jalizi. Mwaka 2016 ikaja hila nyingine iliyohitaji mstari mmoja tu. Mgeni alimshawishi mchezaji abandike mstari mfupi kwenye dirisha la mazungumzo. Mstari huo ulichukua funksheni ndogo ya kuondoa nafasi zilizozidi kati ya maneno, ambayo mchezo huitumia kwa kila ujumbe unaoingia, na kuibadilisha na ile inayotekeleza msimbo. Kuanzia hapo kila alichoandika yule mgeni kikawa amri ndani ya mchezo wa mwenzake, pamoja na amri za kutoa mali. Ndiyo maana siku hizi ukibandika msimbo kwa mara ya kwanza mchezo unakusimamisha na kukuuliza kama una hakika. Jibu liwe hapana, isipokuwa umeusoma na kuuelewa.

Mpaka uliochorwa mwaka 2006 ulikuwa juu ya kutenda. Mwaka 2025 Blizzard ilitangaza mpaka mwingine, juu ya kujua. Kwa sura ya Midnight, thamani nyingi za mapambano zinafika kwa jalizi zikiwa zimefungwa. Jalizi inaweza kuipokea thamani na kuikabidhi kwa mstari ili mstari ujichore, lakini haiwezi kuifungua, kuilinganisha wala kuikokotoa. Haiwezi kusema: damu ikishuka chini ya asilimia 30, washa hiki. Waandishi wa WeakAuras, jalizi maarufu kuliko zote kwa kuwasha alama kwa masharti, walisema hawataitengenezea sura hiyo toleo. Blizzard kwa upande wake imekuwa ikiingiza vyombo vyake ndani ya mchezo, kikiwemo cha kufuatilia mbinu zipi ziko tayari, kilichokuja mwaka huohuo wa 2025.

Ninauelewa uamuzi huo na bado unaniuma. Ninauelewa kwa sababu mapambano ya bosi yalikuwa yamefikia kutungwa kwa kudhani kwamba kila mmoja ana jalizi inayomwambia akimbilie wapi, na asiyekuwa nayo hakuwa na nafasi. Unaniuma kwa sababu vioo vitulivu kuliko vyote nilivyowahi kuviona vilitegemea masharti yaleyale: kitu hakionekani kabisa mpaka hesabu fulani itimie. Wapo pia wachezaji wenye uono hafifu ambao walijitengenezea alama kubwa moja katikati ya kioo, mahali pa alama ndogo 20 zilizotawanyika, na ni haki yao kuuliza vyombo vipya vitawafaa kwa kiasi gani.

Kilichobaki mikononi mwa jalizi ni kingi kuliko inavyosemwa: mahali, ukubwa, rangi, herufi, kufifia, kutokea kwa kipanya, na tofauti ya vitani na nje ya vita. Anayejenga upya aanze na vitu visivyohitaji hesabu. Ule mraba mweusi wa tabibu ni mmojawapo. Hakuna mahali popote ndani yake ambapo jalizi inauliza damu ni kiasi gani. Thamani inapokelewa imefungwa, inakabidhiwa kwa mstari mweusi ikiwa bado imefungwa, mstari unarudi nyuma kadiri mtu anavyoumia, na ukuta mwekundu uliokuwa nyuma yake tangu mwanzo unaonekana.